Shufwa na Witri katika Njia za Theluji

Mwezi wa Januari, mwaka 2023, Mwenyezi Mungu alinijaalia safari ya kwenda Minneapolis, mji mkubwa wa jimbo la Minnesota, kaskazini ya Marekani, kumzuru ndugu yangu aliyehamia huko kutoka Mombasa miaka mingi iliyopita. Habari za baridi nilikuwa nimekwisha kuhadithiwa, nami nilijiandaa kwa makoti mawili na soksi za sufu. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba katika mji ule theluji haiogopwi kwa baridi yake tu, bali pia kwa sheria zinazoshuka pamoja nayo.

Minneapolis umekaa kando ya mto Mississippi, na ng'ambo yake uko mji wa pili, Saint Paul, ambao ndio makao ya serikali ya jimbo. Waislamu ni wengi huko, na walio wengi katika hao ni Wasomali. Katika mtaa wa Cedar-Riverside, penye maghorofa marefu yaliyokamilishwa mwaka 1973, mtu wa pwani yetu hatembei hatua ishirini ila amepokea salamu ya Kiislamu. Miezi michache baada ya safari yangu, Aprili mwaka ule ule, baraza la mji lilibadili sheria ya kelele, ikaruhusiwa adhana kutolewa kwa vipaza sauti nyakati zote tano. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine. Leo nataka kuwasimulia wasomaji habari ya magari na theluji.

Majira yale ya baridi yalikuwa mazito hata kwa wenyeji. Theluji iliyoanguka, ukiijumlisha yote hata kwisha kwa baridi, ilifika kiasi cha inchi 90, nayo ni ya tatu kwa wingi tangu watu wa huko walipoanza kuandika hesabu zake. Theluji ya namna hiyo isipoondolewa njiani, mji husimama. Basi hupita magari makubwa yenye ubapa mpana wa chuma mbele, yakiikwangua na kuisukumia kando. Na kama gari la mtu limesimama pale kando, dereva wa gari kubwa hana budi kulizunguka, na theluji iliyolizingira hubaki, ikaganda usiku ikawa kama jiwe. Magari kumi ya namna hiyo katika njia moja, na gari la zimamoto halipiti, wala la wagonjwa.

Kwa sababu hiyo mji umeweka kanuni. Ikianguka theluji nyingi, wakuu hutangaza dharura kabla ya saa kumi na mbili jioni, na hesabu ya siku tatu huanza saa tatu ya usiku ule ule. Siku ya kwanza ni ya njia kuu zenye vibao maalumu: tangu saa tatu usiku hata saa mbili asubuhi haifai gari kusimama upande wowote. Siku ya pili, tangu saa mbili asubuhi hata saa mbili usiku, ni ya njia ndogo za mitaani: upande wa nyumba zenye namba shufwa, yaani mbili, nne, sita na kuendelea, hautakiwi kuwa na gari. Njia za bustani nazo siku hiyo hukatazwa pande zote mbili. Siku ya tatu, kwa saa zile zile, ni zamu ya upande wa witri. Isipokuwa njia ikiwa imekwisha kukwanguliwa ukingo hata ukingo. Hapo ruhusa hurudi. Mwenye kukhalifu hutozwa faini, na gari lake huvutwa mpaka yadi ya mji, nalo halitoki huko bila ya malipo.

Nilipoelezwa haya mara ya kwanza nilisema ni mepesi. Mke wa ndugu yangu akacheka. "Shemeji," akasema, "kila mwaka watu wazima waliosoma wanavutiwa magari yao." Kwani mtu hujiuliza: njia hii yangu ni kuu au ndogo? Namba iliyokatazwa ni ya upande ninaoegesha, au ya upande ninaoishi? Na hii siku ya kwanza inayoanza usiku ni siku gani? Hilo la mwisho sisi halikutupa taabu, kwa kuwa siku ya Kiislamu huingia kwa magharibi, na mtoto wetu yeyote anajua kwamba usiku wa Ijumaa hutangulia mchana wake. Wenyeji wa Kizungu ndio waliokuwa wakikuna vichwa. Na kuhusu zamu za pande mbili, yule bibi alikuwa na dawa yake. "Baada ya isha husali nini kwanza? Rakaa mbili za shufwa, kisha moja ya witri. Basi theluji nayo ni hivyo hivyo."

Mimi nilinaswa mahali pengine kabisa.

Usiku wa dharura ndugu yangu alikuwa kazini, katika nyumba moja ya kutunza wazee, nako alikwenda kwa basi. Mkewe alikuwa amelala Saint Paul kwa dada yake aliyejifungua. Nyumbani tulibaki mimi na mtoto wao wa miaka kumi na miwili, na gari lao nje, mbele ya mlango wenye namba shufwa. Gari lile ndilo la kazi ya mume na ya mke. Hawana lingine, wala hawana banda la kuliweka, maana wamepanga. Kabla ya kulala mtoto akazungumza na baba yake katika simu, kwa Kiingereza, kisha akanijia: "Ami, baba amesema kesho gari litoke kabla ya saa nane."

Nikaitika. Kulipopambazuka tukasali, naye akaenda kupanda basi la shule. Nje bado kiza. Huko mwezi wa Januari alfajiri huingia baada ya saa kumi na mbili, na jua halitoki ila karibu ya saa mbili. Magharibi nayo hufika kabla ya saa kumi na moja ya jioni. Nikasema moyoni, saa nane iko mbali, mchana adhuhuri itakuwa imekwisha kusaliwa. Nikajifunika tena mablanketi.

Ikapigwa hodi kwa kishindo. Mlangoni alisimama jirani, mzee wa Kizungu ambaye wazee wake walitoka Norway, kofia imemfunika mpaka nyusi. Hakunisalimu. Alinionyesha namba iliyo juu ya mlango wetu, kisha gari letu, kisha pembe ya njia, ambako taa za gari la kukwangua zilikuwa zikimweka. Nikamwambia kwa utulivu kwamba wakati bado. Akanionyesha saa yake ya mkononi, akatamka neno moja: "Eight!"

Hapo ndipo nilipofahamu. Mtoto amezaliwa kule. Kiswahili chake ni kizuri, lakini saa zake ni za Kizungu, na nane yake ilikuwa ni mbili yetu. Saa mbili ilikuwa imepita kwa dakika kumi.

Nilitoka na koti juu ya kanzu. Vioo vilikuwa vimeganda, na magurudumu yakizunguka pale pale bila ya kusogea. Vijana wawili wa Kisomali waliokuwa wakipita wakaweka mabega nyuma ya gari, na yule mzee akaleta ndoo ya mchanga kutoka kwake, akaumwaga chini ya magurudumu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliliweka tendo la kuondoa kero njiani miongoni mwa matawi ya imani, na asubuhi ile kero ilikuwa ni gari letu. Lilitoka. Upande wa witri ulikuwa umekwisha kujaa, ikanibidi nizunguke njia tatu ndipo nilipopata nafasi. Niliporudi kwa miguu, mahali pa gari palikuwa peupe na pamekwanguliwa.

Jioni mke wa ndugu yangu alirudi na kisa chake. Mumewe dada yake, ambaye alikuwa amehamia Saint Paul karibuni tu, alikuwa amekesha akihesabu namba za nyumba, shufwa hizi, witri hizi, na kumbe ng'ambo ile namba hazina kazi. Huko kuna njia za usiku zenye vibao vyake, tangu saa tatu hata saa kumi na mbili alfajiri, na zilizobaki ni za mchana, tangu saa mbili hata saa kumi na moja. Mto mmoja tu, na hukumu mbili.

Bibi akatwaa karatasi akaandika kwa herufi kubwa: SIKU YA PILI SHUFWA, SIKU YA TATU WITRI, na chini yake saa za nyumbani na saa za huko, sambamba. Akaibandika mlangoni. Mtoto akauliza witri maana yake nini, akaelezwa.

Alfajiri ya siku ya tatu, kabla ya basi la shule, nilimwona akivaa viatu vyake virefu upesi upesi. Upande wa pili wa njia palikuwa na watu wa Kongo waliohamia wiki ile, na gari lao limesimama mbele ya namba witri. Nikamsikia akigonga. Mlango ukafunguliwa, na mwanamke mmoja akatoa kichwa.

"Mama, mtoe gari kabla ya saa mbili," alisema. Kisha akafikiri kidogo, akanyoosha vidole vinane. "Nane ya huku."