Paka wa Base Camp

Kwa mpwa wangu,

Mama yako amenipigia simu huku Mbarara akasema kuna paka jike analala chini ya turubai nyuma ya nyumba yenu, Base Camp, Nakivale, nawe umeshaanza kumtupia dagaa. Basi soma haya kabla hujampa jina.

Paka asiye na mwenyewe hakosi kazi Nakivale. Kambi hiyo ya wakimbizi ilianza kupokea Wanyarwanda mwaka 1958, na leo Wakongomani, Warundi, Wasomali na Waethiopia wanaishi humo, mahindi na maharage yao yakiwa ndani ya magunia. Panya wanalijua hilo. Udugu wa paka na binadamu ulianzia huko huko kwenye nafaka: katika kisiwa cha Saiprasi wachimbaji walikuta paka aliyezikwa kando ya mtu miaka kama 9,500 iliyopita. Wazee wetu wa Kongo wakiona paka mweusi usiku huwaza uchawi. Waache na hofu yao. Majirani Wasomali hawana shida hiyo, maana katika Uislamu paka ni safi, na Abu Huraira, sahaba wa Mtume, alipata jina hilo kwa ajili ya kipaka chake.

Kumzoesha paka huenda kwa mwendo wake, si wa mtu. Kitoto cha paka huzoea watu kwa wepesi kati ya wiki ya 2 na ya 7 tangu azaliwe. Aliyekosa mkono wa mtu wakati huo huchelewa sana, na wengine hawakubali kubebwa maisha yao yote. Mwenye busara huweka chakula mahali pale pale, saa ile ile, kisha hukaa pembeni bila kumkodolea macho. Mwangalie akila: tumbo limegusa chini, masikio yamegeukia nyuma, mguu wa nyuma tayari kukimbia. Akianza kuja mkia umesimama wima, amekubali. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha kwamba paka humsogelea zaidi mtu anayemfumbia macho polepole. Jaribu, haigharimu shilingi.

Maziwa usimpe, hata kama huku Ankole yamejaa. Paka wengi wakubwa hawawezi kuyameng'enya, na huishia kuharisha. Maji yanatosha. Dagaa wa chumvi waoshwe kwanza. Panadol hata kipande ni sumu kwake, na panya aliyekula sumu ya dukani anaweza kumuua paka aliyemla.

Sasa kichaa cha mbwa. Karibu visa vyote vya watu duniani, asilimia 99, hutoka kwa mbwa, lakini paka pia huambukizwa na huambukiza, na dalili zikishaonekana mtu haponi. Aking'atwa au kukwaruzwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kuuliza chanjo. Ndiyo maana paka mwenyewe achanjwe, kuanzia miezi 3. Tena afungwe kizazi: mimba yake ni kama siku 65 tu, na anaweza kuipata akiwa bado mdogo kwa umbo. Madaktari wa mifugo hapa mjini wengi hushinda kwenye ng'ombe, kwa hiyo nitauliza kwanza nani anafanya upasuaji wa paka.

Kuna jambo wengi kambini hawalifikirii. Familia huitwa kwenda Kanada au kwingineko, paka akabaki akilia kwenye mlango uliofungwa. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, safari nyingi zikakwama, lakini faili la mtu laweza kusonga siku yoyote. Mtafute mapema jirani ambaye paka huyo ameshakula kwake.

Nitakupigia nikimpata daktari. Tafuta boksi gumu, ulitoboe matundu, na umzoeshe kulia chakula ndani yake kabla ya safari ya taksi kwenda kwa daktari.

Mjomba wako