Nani Atufungishe?

Watu wa mjini wakisikia mnaoana huuliza ukumbi, keki na kamati. Michango imefika wapi? Gauni unakodi au unashona? Hakuna anayeuliza nani atawafungisha ndoa, maana hilo huonekana limejibiwa zamani: Mlutheri kwa mchungaji wake, Mkatoliki kwa padri, Mwislamu kwa shehe. Mimi na mchumba wangu sote ni Wameru, sote Wakristo, sote tumekulia mteremko mmoja wa mlima, yeye Poli, mimi juu ya Tengeru. Ungedhani mambo yangenyooka kama barabara ya Moshi. Thubutu!

Ili unielewe, msomaji, lazima nikurudishe kabla sijazaliwa. Kati ya 1990 na 1993 Wameru waligombana kwa ajili ya kanisa. Walikuwa chini ya Dayosisi ya Kaskazini ya KKKT, makao yake Moshi, na wengi wakataka dayosisi yao wenyewe. Wengine wakasema tusubiri utaratibu. Na Mmeru akishika neno, bwana, hulishika: hawa ndio waliomtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kudai ardhi ya Engare Nanyuki. Mwaka 1992 KKKT ikaanzisha Dayosisi ya Meru, lakini waliojitoa hawakurudi wote. Wakabaki na kanisa lao.

Hiyo ni historia ya kwenye karatasi. Ya nyumbani kwetu ni fupi zaidi: usiku mmoja migomba ya bibi ilifyekwa yote. Anayejua mgomba ni nini kwa Mmeru hahitaji maelezo. Ni chakula, ni pombe, ni majani ya ng'ombe, ni kivuli cha kahawa. Bibi alikuwa ndani, ameshika mlango. Hakuona mtu. Ila anasema kati ya wale wenye mapanga alikuwepo mmoja aliyekohoa, na kikohozi kile alikijua.

Basi siku ya posa walikuja wazee wa upande wa pili, mshenga mbele, babu wa mchumba wangu nyuma na fimbo yake. Wakakaribishwa loshoro. Maneno yakaenda vizuri mpaka babu akakohoa. Bibi akanyanyuka, akaenda jikoni, hakurudi sebuleni mpaka wageni walipoondoka.

Mimi sikuwepo mwaka ule. Sijui nani alikata nini. Ninachojua ni kwamba tangu jioni ile swali la nani atufungishe likawa swali la migomba.

Bibi alisema hatakanyaga kanisa la waliomfyekea. Baba mkwe naye akasema mwanawe hatafungishwa na mchungaji wa waliowaita waasi. Mshenga, maskini, alipanda na kushuka mlima mpaka soli ya kiatu ikaisha. Wajomba wakapendekeza mshili, mzee wa ukoo, atuoze kimila, kwa kuwa sheria inaitambua ndoa hiyo. Vizuri, lakini mshili wa ukoo gani? Wa kwetu au wa kwao? Tukarudi palepale. Nikafikiria mchungaji wa mjini, mtu wa kuja, Mnyakyusa labda, asiyejua ugomvi wetu. Mchumba wangu akacheka: "Kwani joho lake litakuwa la nani?"

Ndipo tukaenda kuisoma Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Vijana wenzangu, isomeni hata kama hamna mchumba. Inataka hiari ya wawili. Inataka taarifa itolewe siku 21 kabla. Mchungaji hafungishi kwa joho tu, awe na leseni ya serikali. Mahari isipomalizika, ndoa haivunjiki kwa hilo. Na wanaweza kufungishwa bomani, na msajili, bila dini yoyote kusimama katikati. Mashahidi wasipungue wawili.

Nilipomwambia mama kwamba tunakwenda bomani, alikaa kimya akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Ana miaka mingi kwaya. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa ameshamwonya kwamba nikifunga bomani sitashiriki Meza ya Bwana mpaka ndoa ibarikiwe. "Nitakaaje benchi la mbele mwanangu akiwa nyuma?" akauliza. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Jumapili za ushirika nabaki nimekaa wengine wakisimama, na naona shingo ya mama ikijizuia kugeuka.

Bibi yeye alichukia neno lenyewe. "Boma? Babu zetu walichapwa viboko wakilijenga, leo wewe unakwenda kwa miguu yako?" Nikamweleza kwamba lile la Wajerumani, la mwaka 1900, siku hizi ni makumbusho, watalii wanalipa kuingia. Akaguna. Akauliza kama huko bomani kuna msalaba ukutani. Nikasema hakuna. Wa kwao wala wa kwetu? Wowote. Akaguna tena, lakini mguno wa namna nyingine.

Wazo la mashahidi lilikuwa la mchumba wangu. Alisema tumehangaika miezi na nani atufungishe, wakati karatasi ina nafasi mbili za watu wengine. Mimi nilimwona kichaa. Hata hivyo yeye akaenda kwa babu yake, mimi kwa bibi yangu, siku moja, saa moja, ili asiwepo wa kusikia kwanza kwamba mwenzake amekataa.

Bibi alijibu baada ya siku tatu. "Nitakwenda. Gari moja naye sipandi."

Walifika kila mtu na gari lake. Nje ya ofisi kulikuwa na benchi moja tu. Bibi akakaa ncha hii na kitenge chake kipya, babu akakaa ncha ile, sisi tukasimama na kitambulisho mkononi kama watu wanaosubiri treni. Karani alichelewa. Babu akakohoa, akajaribu kuzuia, akashindwa.

Bibi hakugeuka. "Kikohozi hicho ni cha siku nyingi, mzee."

Babu alitazama fimbo yake muda mrefu.

"Cha siku nyingi, mama," akasema.

Karani akafungua mlango, akaita majina yetu, akauliza mashahidi wako wapi.