Jina Lililo Kwenye Kadi

Babu aliponiachia Volkswagen yake ya mwaka 1970, ile ya mgongo wa chura, nilidhani nimerithi gari. Mita inasoma kilomita 31,000 tu: mzee alilitumia kwenda kanisani na kurudi, kisha akalifunika turubai. Nilipofungua kadi ya umiliki (nawe msomaji, kagua yako), jina la babu halikuwamo. Lililomo ni la mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitambaa hapa Jinja.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka Uganda. Mwenye duka alimkabidhi babu, karani wake, funguo na kadi. Je, aliliuza, alilitoa zawadi, au aliomba atunziwe? Bibi hushikilia kwamba lilinunuliwa. Hati ya mauzo hatuna. Barua moja kutoka Leicester inauliza hali ya gari, bila kusema ni la nani.

Fundi amenishauri nimtafute mtu “anayejua njia” ya kubadili jina. Nimekataa. Siwezi kufundisha uraia asubuhi, jioni nikaghushi sahihi ya mtu aliyefukuzwa nchini. Nimewaandikia wanawe kwa anwani iliyo kwenye bahasha ile kuukuu. Gari lingali bandani.