Kabla Hujajaza Maji

Shinyanga,
Septemba

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniambia kikundi cha wachimbaji wadogo unaowachorea mwamba huko Nyarugusu, mkoani Geita, kimeanza kukutegemea, na kwamba umeamua kujiundia kompyuta ya mezani inayopozwa kwa maji. Nimefurahi sana. Kuchora mwamba wa pande tatu huchosha prosesa na kadi ya picha kwa saa nyingi mfululizo, na kwa kazi ya namna hiyo maji yanastahili gharama yake. Ingekuwa mashine ya kuandikia barua na kutazama filamu, ningekukataza.

Shika hili kwanza: maji hayatengenezi baridi, yanahamisha joto. Lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya lile linalobebwa na lita moja ya hewa, kwa hiyo kibamba kidogo cha shaba juu ya prosesa kinatosha kulichukua joto lote. Lakini likishachukuliwa lazima litoke, na linatokea kwenye rejeta. Rejeta nayo haiwezi kuyashusha maji chini ya joto la hewa inayopita kwenye mapezi yake. Chumba kikiwa nyuzi 33, hutapata maji ya nyuzi 25 hata ununue pampu ya bei gani. Yakitulia kwenye 43 mashine ikiwa kazini, jua umejenga vizuri.

Kwa hiyo anza na chumba. Prosesa na kadi ya picha zikila wati 400, wati hizo zinaishia humo humo unamoketi. Chini ya bati lisilo na silingi bodi, saa nane mchana, feni zitakuwa zinairudishia rejeta joto lake lenyewe. Iweke mashine karibu na dirisha lisilopigwa na jua la jioni, na upande wa pili uwe na tundu la kutolea hewa. Hata kwenye mgodi wa Mponeng kule Afrika Kusini, ambako mwamba unapita nyuzi 60, walisukuma barafu iliyosagwa hadi kina cha kilomita kadhaa, na bado joto lile lilipaswa kupandishwa juu na kuachiwa hewani.

Kisha vumbi. Hapa nina uhakika kuliko mafundi wote wa video unazotazama, kwa sababu wengi wao hawajaishi kwenye barabara ya changarawe. Miaka yote niliyokaa gereji ya malori ya mgodini, injini nyingi zilizochemka zilikuwa na maji ya kutosha. Rejeta ndiyo ilikuwa imezibwa. Chukua rejeta yenye mapezi yaliyoachana kidogo, hata kama duka linasifia yaliyobanana. Mbele ya feni weka chujio la wavu unaloweza kulitoa na kuliosha, na kuanzia Julai hadi mvua zianze lioshe kila wiki. Rejeta usiipeleke kwa fundi wa matairi aipulize. Kompresa yake hutema maji na mafuta pamoja na hewa.

Usichanganye alumini na shaba kwenye mzunguko mmoja. Metali hizo mbili zikikutana majini, alumini huliwa polepole na uchafu wake huziba mifereji myembamba ya kibamba. Baadhi ya rejeta za bei rahisi ni za alumini, basi soma maelezo kabla ya kulipa. Shaba kwa shaba, au shaba iliyopakwa nikeli.

Maji yenyewe yawe yaliyotoneshwa, pamoja na dawa ya kuzuia ukungu. Ya bombani yanayotoka ziwani kupitia Ihelele tunayanywa kwa shukrani, lakini yana chumvi na klorini. Ya visima vya huku ndiyo usiyaguse kabisa. Vituo vya mafuta vina maji ya betri, nayo yanafaa, ila soma chupa kwa makini: kwa jina hilo hilo watu huiita pia asidi ya betri. Rangi za kupendeza ziache. Nyingine hujitenga na kuganda ndani.

Usihangaike sana na mpangilio, kipi kitangulie kati ya prosesa na kadi. Pampu ikisukuma lita nne kwa dakika, wati 400 huongeza joto la maji kwa nyuzi moja na nusu tu. Cha lazima ni tangi kukaa juu ya pampu, maana pampu hulainishwa na maji yale yale na ikizunguka kavu inaungua.

Sasa siku ya kujaza. Madabodi na kadi ya picha visiwe vimeunganishwa na umeme kabisa; pampu peke yake ndiyo ipate. Chomoa pawa saplai ukutani, kwenye plagi yake ya pini 24 unganisha waya wa kijani na mweusi mmojawapo kwa kipande cha waya, ndipo uichomeke tena. Tandaza tishu nyeupe chini ya kila fitingi. Jaza, washa kwa sekunde chache, zima, ongeza maji, inamisha kasha huku na huku hadi mapovu yaishe. Halafu iache izunguke saa 24. Najua utakuwa na hamu, na wenzako watakuwa wamesimama mlangoni wakitaka kuiona ikiwaka. Wakatalie. Tishu ikilowa hata kidogo, mwaga maji, kagua oringi, anza upya hesabu ya saa. Usijifariji kwamba maji yaliyotoneshwa hayapitishi umeme. Yakishagusa metali na vumbi, yanapitisha.

Stebilaiza ya kutuliza umeme nitakupa yangu. Agiza oringi na fitingi za ziada, kwa sababu kimoja kikikosekana hapo Geita utasubiri mzigo mwingine kutoka nje. Na kabla hujalipia rejeta, pima ndani ya kasha kwa futi ukihesabu na unene wa feni, unitumie vipimo. Ya feni tatu hutaka nafasi ya karibu milimita 400 kwa urefu, na ukiweza kuipata hiyo, usichukue ndogo.

Msalimie mama yako.

Mjomba wako