Mficha Uchi Hazai, Je, Akishazaa?

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Methali hii tuliifunzwa tangu shule ya msingi, na aghalabu huifasiri kwamba mwenye haja hana budi kuitoa siri yake kwa awezaye kumfaa. Fasiri hiyo ni sahihi. Hata hivyo, mimi niliyepata mtoto nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili ningependa kuirejelea methali hii kwa maana yake ya juujuu, ile ya chumba cha kujifungulia, kisha niulize swali moja: je, mwanamke aliyeufichua uchi wake ili azae, akishazaa anatakiwa kuuficha hata pale mwili unapomsaliti?

Swali hili linanihusu. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa kwa njia ya kawaida baada ya uchungu wa usiku kucha. Jamaa walipopigiana simu, habari ilikuwa ya maneno mawili tu: "Amejifungua salama." Kwa hakika mtoto alikuwa mzima nami nilikuwa hai. Lakini kwa miezi iliyofuata sikuweza kukohoa, kupiga chafya wala kupanda ngazi za maktaba na mkoba wa vitabu begani bila ya mkojo kunitoka. Mhadharani niliketi karibu na mlango, na nguo ya kubadilisha haikukosa mkobani. Nilipomweleza shangazi yangu, alinijibu kwa upole, "Mwanangu, huo ndio uzazi. Sote tumeupitia, nyamaza tu." Katika kliniki nilikompeleka mtoto kuchanjwa, mtoto alipimwa uzani na kuchunguzwa kitovu. Mimi niliulizwa iwapo ninanyonyesha. Nilipolitaja tatizo langu niliambiwa, "Ni kawaida, mama," na aliyefuata akaitwa.

Neno hilo "kawaida" lilinikaa moyoni kuliko tatizo lenyewe, kwa kuwa lina maana mbili. Kuna kawaida ya jambo litokealo mara nyingi, na kuna kawaida ya jambo lisilohitaji tiba. Kwa maana ya kwanza, muuguzi yule hakusema uongo. Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba takriban mwanamke mmoja kati ya watatu hutokwa na mkojo bila hiari katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kuzaa. Kwa maana ya pili, kauli yake haikuwa kweli hata kidogo.

Hebu tukitazame kiungo chenyewe. Msomaji aliyelelewa Pwani anakijua kitanda cha kamba: fremu ya mti iliyowambwa kwa kamba zilizosukwa. Nyonga ya mwanamke ndiyo fremu hiyo. Misuli iliyotandazwa chini yake, kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, ndiyo kamba. Juu ya kamba hizo hukaa kibofu cha mkojo, kizazi na utumbo wa haja kubwa. Misuli hiyo, ikishirikiana na nyuzi zinazoushikilia mrija wa mkojo, huufanya mrija huo ufungike kila tumbo linapokazana kwa kikohozi au kicheko.

Kwa miezi tisa ya ujauzito kamba hizi hubeba mzigo unaoongezeka kila uchao. Kichwa cha mtoto kinapopita, sehemu ya misuli hiyo hunyooka kupita kiasi. Makadirio ya kompyuta yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba baadhi ya nyuzi zake hufikia zaidi ya mara tatu ya urefu wake wa awali. Wanawake wengine huchanika misuli pale inaposhikamana na mfupa, hasa mtoto anapovutwa kwa koleo. Aidha, neva zinazoiamrisha misuli hiyo zinaweza kuvutwa na kudhoofika. Upasuaji hupunguza hatari hii lakini hauiondoi, kwa kuwa ujauzito wenyewe umekwisha kuilemea misuli, nao upasuaji una hatari zake.

Kamba zikilegea, vilivyo juu yake huzama. Hapa ndipo mambo matatu yanapopaswa kutofautishwa. La kwanza ni mkojo kuvuja wakati wa kukohoa, kucheka au kuinua mzigo, kama ilivyokuwa kwangu. La pili ni kushuka kwa kizazi au kibofu, ambapo mwanamke huhisi uzito na uvimbe ukeni, hasa jioni baada ya kazi za kutwa. La tatu ni nasuri ya uzazi, ambayo wengi huiita fistula. Hii haitokani na kulegea kwa misuli. Uchungu unapokwama kwa muda mrefu bila msaada, kichwa cha mtoto huzibana nyama laini dhidi ya mfupa wa nyonga hadi damu isizifikie. Nyama hizo hufa, na baada ya siku kadhaa hubaki tundu kati ya kibofu na uke. Mkojo wa nasuri huvuja usiku na mchana, bila kungoja kikohozi, na mwenye dalili hiyo anapaswa kumwona daktari bila kuchelewa.

Tiba za hali hizi hazifanani. Misuli iliyolegea hukazwa kwa mazoezi, ambayo daktari Mmarekani Arnold Kegel aliyaandikia makala mwaka 1948: mwanamke huikaza misuli kana kwamba anazuia mkojo na upepo kwa pamoja, huishikilia kwa sekunde chache, kisha huilegeza. Hufanya hivyo mara nane au zaidi, mara tatu kwa siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Kizazi kilichoshuka kinaweza kuzuiwa kwa pete maalumu iwekwayo ukeni, au kwa upasuaji. Nasuri nyingi huzibwa kwa upasuaji. Mimi mwenyewe nilielekezwa mazoezi na mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali nyingine. Katika mwezi wa nne nilianza kupanda ngazi zile bila hofu. Nilikuwa nikikiwamba kitanda upya.

Wasomi wenzangu mtauliza: haya yana uhusiano gani na Kiswahili? Yana uhusiano mkubwa. Mwanamke mwenye mkojo unaovuja, mwenye kizazi kilichoshuka na mwenye nasuri, wote watatu wakifika mbele ya mhudumu husema neno moja: "Nina shida huku chini." Kwa kuwa wamesema neno moja, ni rahisi wote wapewe jibu moja. Tafsida ni tunu ya lugha yetu, na sipendekezi tuitupe. "Kujifungua" na "mja mzito" ni maneno yenye heshima. Lakini tafsida iliyoumbwa kumsitiri mtu inapomnyima njia ya kueleza maradhi yake, huwa haimsitiri tena, humfungia. Isitoshe, hatuwezi kusingizia uchache wa msamiati. Kibofu, kizazi, uke, kinena, nyonga: yote yamo kamusini. Tunachokosa ni idhini ya kuyatamka.

Wala tusidai kwamba utamaduni wetu haukuijua lugha hiyo. Somo alimfunza mwari mambo ya mwili bila kumung'unya maneno. Katika arubaini, mzazi alikandwa kwa maji ya moto na kufungwa leso tumboni. Leso hulishika tumbo, haiiwambi misuli ya chini. Lakini desturi hiyo yashuhudia kwamba jamii ilitambua kuwa uzazi hauishi siku ya kuzaa. Katika fasihi, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utendi wa wasia mnamo 1858, naye akiwa mgonjwa. Utanzu wa mama kumwusia binti tunao, basi, tangu karne ya 19. Nani miongoni mwetu atautungia wasia wa mwili baada ya uzazi?

Katika hadithi nyingi nilizosoma, uzazi hukoma mtoto anapolia. Vigelegele hupigwa, ukurasa hufunuliwa, na mama hurejea jikoni. Ulimwengu una siku ya kutokomeza nasuri, tarehe 23 Mei, ambayo Umoja wa Mataifa umeiadhimisha tangu mwaka 2013. Lakini mwanamke anayevuja matone machache tu hana siku, na katika vitabu vyetu mara nyingi hana hata aya.

Ninawaomba wahadhiri na wanafunzi wa Kiswahili tuanze na lililo karibu nasi. Tunapotafsiri vijikaratasi vya afya, tuandike viungo kwa majina yake. Tunapotunga, tumfuate mama baada ya vigelegele. Na tunapopokea simu ya kutuambia kwamba fulani amejifungua salama, tushukuru, kisha baada ya wiki chache tumwulize mwenyewe, faraghani na kwa maneno anayoweza kuyajibu, kama salama hiyo imemfikia yeye pia.