Mstari Mmoja Tu

Daftari lenyewe lilikuwa la shule, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Ndani yake nilikuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu mistari 14 ya kuthibitisha kwamba Yesu ni Mungu. Mwaka ulikuwa 1996, umri wangu miaka 17, nasi tulikaa Magomeni, Dar es Salaam. Mistari ile niliijua kwa kufuatana kwake kama kondakta anavyojua vituo.

Miaka ile mihadhara ilikuwa imepamba moto. Jioni uwanjani huwekwa meza, kipaza sauti, na Biblia ya Union iliyolegea kwa kufunuliwafunuliwa. Mhadhiri mmoja wa Kiislamu anasoma, mwenzake anafafanua, na wengi wao waliijua Biblia kuliko sisi tuliokwenda nayo kanisani kila Jumapili. Wainjilisti nao wakasimamisha majukwaa yao ya kujibu. Kanda ziliuzwa pembeni, na kesho yake unazisikia dukani na kinyozini. Wao walisema aya, sisi tukasema mstari, lakini kitabu kilikuwa kimoja. Na swali lilikuwa lile alilolieneza Ahmed Deedat wa Durban kwa vijitabu na kanda za video: nionyesheni mstari mmoja tu ambao Yesu kwa kinywa chake anasema yeye ni Mungu, au anaagiza aabudiwe.

Mimi nilikuwa na 14. Nilijiona nimejaa.

Jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa fundi cherehani, mtu wa msikitini, nami nilimwita Mjomba tangu nijue kusema. Kila Krismasi baba alinituma kwake na kuku. Mjomba anaweka kando nguo anayoshona, ananawa, anachinja, nami narudi nyumbani na kuku na kisu. Mchana sahani ya wali inavuka ukuta kwenda kwake, na siku ya Idi sahani inarudi na biriani. Baba hakuwahi kunieleza kwa nini kuku lazima achinjwe kule. Lilikuwa jambo lisilohitaji maelezo: chakula cha sikukuu ni cha watu wote.

Siku moja, baada ya Alasiri, nikaenda barazani kwake na daftari badala ya kuku.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na masomo?"

Nilianza na Yohana 10:30, pale Yesu anaposema yeye na Baba ni umoja. Mjomba hakuacha kushona. Akaniambia nishuke mistari minne nione Yesu mwenyewe anavyojibu kwa Zaburi ya 82, kisha niende sura ya 17, ambako anawaombea wanafunzi nao wawe umoja vilevile. Je, na wao ni miungu? Nikatoa Isaya 9:6. Akaniuliza kama katika imani yetu Mwana ndiye Baba, maana mstari ule humwita mtoto Baba wa milele pia. Nikatoa Tomaso, Yohana 20:28. Akasema yule alimaka tu, kama mtu anavyotaja jina la Mungu akishtuka. (Jibu hilo silikubali hadi leo. Yohana anaeleza wazi kwamba Tomaso alimwambia Yesu, na Yesu hakumkanya. Ila siku ile sikujua kulijibu.)

Nikabaki na tegemeo langu, 1 Yohana 5, mashahidi watatu wa mbinguni: Baba, Neno na Roho. Hapo ndipo alipousimamisha mguu wake kwenye pedali. Akaingia ndani, akatoka na Biblia ya Habari Njema, tafsiri iliyofanywa na Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, akanikabidhi nisome mwenyewe. Nikasoma mara mbili. Roho yupo, maji yapo, damu ipo. Mashahidi wa mbinguni hawamo.

"Nani kawatoa, mwanangu?" aliuliza, wala hakucheka.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira ile niliipeleka pasipostahili. Krismasi ya mwaka ule nilimchinja kuku mwenyewe nyuma ya nyumba, nikamwambia baba kwamba Mkristo hana haja ya kuchinjiwa. Baba alinitazama, hakusema neno. Sahani yetu ilivuka ukuta kama kawaida, ikarudi jioni na wali umeliwa, nyama iko vilevile. Februari 1998 mzozo uliotokana na mahubiri ya namna ile ukafikia mabomu ya machozi na risasi pale Mwembechai, mwendo mfupi kutoka kwetu, na watu wakafa. Daftari nililificha chini ya godoro.

Swali la Mjomba ndilo halikufichika. Miaka kadhaa baadaye nilijiunga na darasa la jioni la theolojia, na mwalimu wetu wa Kigiriki, mchungaji mstaafu mwenye sauti ndogo, alinipa jibu ambalo sikulitegemea. Hakuna aliyewatoa mashahidi wale, waliingizwa. Hawapo katika miswada ya kale ya Kigiriki. Mwanazuoni Erasmus alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516, na tena 1519, hakuwaweka. Alilaumiwa sana, na katika chapa ya 1522 akawaweka. Kutoka huko wakaenea katika Biblia za Ulaya, hadi kwenye ile ya King James ya 1611. Na 1 Timotheo 3:16, mwingine katika wangu 14, nao ulitikisika: miswada mingine husema Mungu alidhihirishwa katika mwili, ile ya zamani zaidi husema yeye aliyedhihirishwa, na kwa maandishi ya Kigiriki ya wakati ule tofauti ni vistari viwili vidogo.

Nilidhani mzee yule angenisikitikia. Aliniambia hivi: "Umetafuta sentensi. Tafuta watu waliokuwa wakisali."

Akaanza na neno Bwana. Hapa Kiswahili hutusaidia na hutuponza. Kwetu bwana ni mume, ni bwana shamba, ni bwana afya, ni mtu yeyote unayemwambia sikiliza bwana. Ndiyo maana tulipopaza sauti kwamba Yesu ni Bwana, hakuna aliyeshtuka uwanjani. Lakini Wayahudi waliosoma Maandiko kwa Kigiriki walikuta neno hilo, kyrios, mahali pa lile Jina la Mungu wasilolitamka, ambalo Biblia yetu ya Union huliandika BWANA kwa herufi kubwa. Sasa fungua Warumi 10:13. Paulo anachukua ahadi ya Yoeli kwa kila atakayeliitia jina la BWANA, na Bwana anayemzungumzia ni Yesu. Fungua Wafilipi 2:10. Goti linalopigwa kwa jina la Yesu ni lile la Isaya 45:23, katika sura ambayo Mungu anarudia na kurudia kwamba hakuna mwingine ila yeye. Paulo, aliyelelewa na Mafarisayo, hakuokota mstari ule kwa bahati mbaya.

Halafu 1 Wakorintho 8:6. Kila Myahudi alikiri kila siku ungamo la Kumbukumbu la Torati 6:4, kwamba BWANA, Mungu wao, ni mmoja. Paulo analichukua ungamo hilohilo na kuligawa: Mungu mmoja, ndiye Baba, na Bwana mmoja, ndiye Yesu Kristo, ambaye kwa yeye vitu vyote vipo. Haongezi mungu wa pili kando ya wa kwanza. Anamweka Yesu ndani ya umoja wenyewe. Waraka ule uliandikwa katikati ya miaka ya 50, yapata miaka 25 baada ya msalaba. Na mwishoni mwake, 16:22, katikati ya Kigiriki, Paulo anaacha maneno mawili ya Kiaramu bila kuyafasiri: marana tha, Bwana wetu, njoo. Kanisa la Korintho halikusema Kiaramu. Maneno yale yalitoka Palestina, kwa waumini wa kwanza kabisa, nao wanamwita Yesu kwa sala. Wanaosema uungu wa Yesu ulibuniwa na mtaguso wa Nikea mwaka 325 wana deni la kuyaeleza maneno mawili hayo.

Mtaalamu Larry Hurtado, katika kitabu chake cha 1988, One God, One Lord, alijenga hoja yake juu ya jambo hili: ibada kwa Yesu ilianza mapema sana, na ilianza miongoni mwa Wayahudi waliomwabudu Mungu mmoja. James Dunn alikuwa mwangalifu zaidi, akisisitiza kwamba ibada ile kwa kawaida ilielekezwa kwa Mungu kwa njia ya Kristo. Nimewasoma wote wawili. Naona Hurtado ana nguvu zaidi, kwa sababu ya marana tha.

Na lile Neno la Yohana 1, ambalo nilikuwa nikilipita mbio? Katika sarufi yetu neno lilisemwa, maneno yalisemwa. Kigiriki kiliweza kusomeka "yeye" au "hilo". Mfasiri wa Kiswahili alilazimika kuchagua, na Union ikaandika alikuwa, si lilikuwa. Upatanisho mmoja wa kisarufi umebeba imani nzima. Mashahidi wa Yehova huandika mungu kwa herufi ndogo katika mstari huo, ila miswada ya kale iliandikwa yote kwa herufi kubwa, na katika kipaza sauti herufi ndogo haisikiki.

Mistari ya upande wa Mjomba sikuifuta. Marko 13:32, kwamba Mwana haijui siku ile. Marko 10:18, kwamba hakuna aliye mwema ila Mungu. Yohana 14:28, kwamba Baba ni mkuu kuliko yeye. Zamani niliikimbia. Leo naiona katika simulizi moja na yule anayesamehe dhambi katika Marko 2 hadi waandishi wakauliza nani awezaye kusamehe isipokuwa Mungu, na anayekanyaga bahari katika Marko 6, kazi ambayo Ayubu 9:8 humwachia Mungu peke yake. Wafilipi 2 husema aliyekuwa sawa na Mungu alijishusha, akawa mtumwa. Mtumwa hujua njaa, na hujua kutojua. Ukiondoa nusu moja ya habari hii, unabaki na Yesu ambaye hakuna mwandishi wa Agano Jipya aliyemfahamu.

Siku moja, nikiandaa somo la vijana, nilifungua 1 Wakorintho 8 ili niwaonyeshe mstari wa 6, nikajikuta nimeanza juu, mstari wa kwanza. Sura ile si ya mabishano ya uungu. Ni sura ya nyama. Watu wa Korintho wanajua wamesema kweli kuhusu Mungu mmoja, na kwa kujua kwao wanakula nyama pasipo kumjali ndugu atakayeumia. Paulo anawaambia kwamba ujuzi unawajaza kiburi, na upendo ndio unaojenga. Na anamaliza kwa kusema kwamba kama chakula kinamkwaza ndugu yake, yeye hatakula nyama milele. Ungamo kuu kuliko yote niliyoyapata limekaa katikati ya maneno hayo. Nililia pale mezani.

Baba alikuwa ameshafariki. Mjomba alikuwa bado barazani, macho yamepungua nguvu, cherehani inaendeshwa na mwanawe. Nilimwomba radhi kwa ule mwaka 1996, nikamsomea sura nzima. Alisikiliza hadi mwisho, akasema Paulo amesema vizuri kuhusu nyama, na kuhusu lile jingine yeye anabaki na Isa bin Maryam, mtume wa Mwenyezi Mungu. Nami nikamwambia naamini ni Bwana.

Krismasi iliyofuata nilimpelekea kuku wawili na kisu.