Nyumba ya Udongo Inadumu Ikitunzwa



Leo twende Uingereza, katika mji mdogo wa Rye. Pale, kwenye njia ya mawe inayopanda kilima, kuna nyumba ya wageni iitwayo Mermaid Inn. Mwaka wa 1377 Wafaransa walivamia mji huo na kuuchoma moto. Kibao cha nyumba kinasema ilijengwa upya mwaka wa 1420, na hadi leo wageni wanalala ndani.

Tulidhani nyumba ya zamani namna hiyo ni ya mawe matupu. Sivyo. Inasimama juu ya nguzo za mti mgumu wa mwaloni. Katika nyumba za aina hii, mafundi waliunga nguzo kwa vijiti vya mti, wakasuka fito katikati, wakakandika udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe, kisha wakapaka chokaa.

Wamama, si ndiyo kazi ya mikono yetu?

Mmoja wetu, mjane, alitaka kubomoa nyumba aliyoachiwa na mumewe, kwa sababu watoto wanaona haya ya potopoto. Tukamwambia: udongo hauna kosa, adui ni maji. Kule waliweka miti juu ya msingi wa mawe, na kila kizazi kiliziba nyufa zake.

Basi mvua zisitukute tumekaa. Tubebe udongo na maji, tukamkandikie mwenzetu.